Majembe ya Mahari ya Sangiwa

Mpo, wajukuu? Semeni mpo! Basi sogeeni.

Zamani, zamani ile milima hii ya Upare haijaijua shilingi, jembe ndilo lililokuwa mali, na majembe ya ukoo wetu wa wahunzi yalitafutwa hadi mabondeni. Jembe letu halikuvunjika. Lililika, lililika, likabaki kigutu kama kijiko, ndipo mwenyewe alipokirudisha mlangoni kwa mhunzi na kuchukua jipya. Rundo lile la vigutu ndilo lililokuwa sifa yetu.

Kazi ikamwangukia Sangiwa, kijana mwenye mkono mwepesi na tamaa nzito. Akawaza, akawaza: chuma cha majembe mawili, si kitatoa matatu? Akayafua membamba. Yakavunjika, watu wakarudi kununua mengine.

"Unaona, baba? Chuma kile kile, mbuzi wengi zaidi. Na wateja wanarudi upesi!"

"Wanarudi na vipande, mwanangu," alisema baba yake. "Mlango huu haukuzoea vipande."

Sangiwa alicheka. Zizi limejaa, nani asingecheka?

Sasa, Sangiwa alimpenda Nakiete hadi chakula kikamshinda. Msicheke, yatawapata! Kwa mahari akafua majembe mazito, mazuri. Akaenda nayo na baba yake, kifua mbele, mpaka kwa Namkunda, mama yake Nakiete, aliyekuwa mjane.

Namkunda akaligonga moja. Ngo! Akaingia ndani, akatoka na jembe lililovunjika, akayalaza pamoja.

"Hili nililinunua kwako, mwanangu. Lilivunjika mvua za kwanza. Sikupata ulezi mwaka ule, Nakiete akalala na njaa. Na hili la leo, ni lako pia?"

"Ni langu, mama."

"Kumbe unajua kutengeneza!"

Aibu ilimwunguza kuliko moto wa uhunzi.

"Rudi nayo. Binti yangu simtoi kwa mwenye majembe ya aina mbili."

Alilia njiani, mwanamume mzima. Kesho yake akapiga mbiu: kila mwenye kipande akilete, apewe jembe zima bure. Mbuzi wakaenda kununua chuma, zizi likabaki tupu. Baba mtu akashika mivukuto ya kupulizia moto, wakafua, wakafua.

Namkunda naye alichukua lake, akaenda kulima. Msimu ukaja, msimu ukaenda. Nakiete alikataa wachumba wengine wote, akangoja. Jembe zuri lina ubaya huo, wajukuu: haliishi upesi!

Hata siku moja Namkunda akapanda mlima, akaweka kigutu mlangoni.

"Limekwisha," alisema, "halikuvunjika. Njoo umchukue mke wako."

Huyo Nakiete ndiye aliyemzaa bibi yangu, na kigutu chenyewe ni hiki. Kishikeni! Fanyeni biashara, mpate faida, mazizi yajae. Lakini mteja mpeni jembe lile lile mnaloweza kumpelekea mama mkwe.

Kisa changu kimelika hadi mpinini. Kilichobaki ni chenu.