Halwa ya Sufuria Tupu

Hapo zamani, katika mji wenye lango moja tu, alitawala Sultani Shaibu, mtu mpenda usingizi wa mchana na mpenda halwa, na kipi alikipenda zaidi hata mwenyewe hakujua. Ikawa siku moja punda wa wachuuzi wakalia chini ya dirisha lake, naye ndiyo kwanza amefumba macho. Akaamka amefura, akatoa amri punda asitie tena ukwato mjini.

Basi wanga, sukari na samli vikakaa nje ya lango, vikipigwa jua, na ghala ya jumba ikabaki ya kufagiwa tu. Mwanaidi, mpishi mkuu, akaenda kumkumbusha Sultani kwamba kesho mfalme wa mji jirani anakuja kumposea mwanawe binti wa jumba, na jikoni hamna hata chembe ya sukari, kwa kuwa punda wamezuiwa njiani.

"Wewe ni mpishi," akasema Sultani. "Kazi yako i jikoni. Mambo ya njia usiyaingize jikoni. Nataka halwa, na isipokuwapo, kesho jua likichwa utoke mji huu."

Maskini Mwanaidi akarudi analia. Shemeji yake Mshangama, fukara aliyeishi kwa kulamba masufuria yake, aliposimuliwa yote akaingiwa na hofu kweli kweli. Mwanaidi akifukuzwa, yeye angelamba nini? Lakini pia alimpenda, kwani alimlisha miaka yote bila kumsimanga.

"Futa machozi, shemeji," akamwambia. "Kesho napika mimi."

Kesho yake, wageni walipoketi barazani, Mshangama akaomba ruhusa apike mbele yao. Akawasha kuni, akateleka sufuria kubwa ya shaba, akashika mwiko kwa mikono miwili, akakoroga. Akakoroga hata jasho likamtiririka, huku akiimba, akionja, akiguna, "Bado kidogo!" Wageni, waliokaa mbali na moto, wakameza mate. Mwishowe akapakua, akafunika sahani kwa kawa, akaiweka mbele ya mfalme mgeni. Mgeni akafunua, akatia vidole, vikagonga sahani.

"Ewe mwendawazimu, halwa iko wapi?" Sultani akanguruma.

"Ndiyo hiyo, maulana. Moto umewaka, mwiko umezunguka, sahani imepakuliwa. Kazi ya jikoni imekwisha yote. Imepungua sukari tu, na sukari, maulana, ni mambo ya njia. Mimi ni nani hata niyaingize jikoni?"

Mwanaidi, mlangoni, akauma upindo wa shungi lake. Ndipo mgeni akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea, na Sultani, aliyekwisha kuinama kwa haya, akashindwa kujizuia, akacheka naye.

"Fungueni lango!" akaamuru. "Waingie punda wote!"

Halwa ikaliwa jioni ile, posa ikakubaliwa, na Mwanaidi akabaki jikoni mwake. Mshangama alipoulizwa atakacho, akaomba sufuria ile ile, ila safari hii isiwe tupu.

Na tangu hapo, punda akilia mchana, Sultani hujigeuza kitandani, akanong'ona, "Halwa hiyo, yaja," kisha akalala.