Marahaba Kumi na Tisa

Bwana Kitundu, afisa wa kusajili makao ya wazee, hakuwa ametimiza hata miaka arobaini, lakini alipenda kuamkiwa kuliko alivyopenda kula. Alifika kwa Bi Sikudhani, mlezi wa makao ya Mkwajuni, akatangaza ada mpya: elfu hamsini kwa kila mzee anayekaa humo, ilipwe leo, la sivyo nyumba inafungwa.

Bi Sikudhani hakuwa na elfu hamsini hata ya mzee mmoja. Akauliza kwa unyenyekevu, "Mzee ni nani, Bwana? Hawa wangu hawana vyeti vya kuzaliwa."

"Hilo nalo la kuuliza? Mzee ni yule anayeamkiwa shikamoo akaitikia marahaba!"

"Maneno ya msomi hayo! Yatie kwenye fomu, ugonge na muhuri, kesho asije mtu akabisha."

Akaandika, akagonga. "Haya, waite niwahesabu."

Bi Sikudhani akaingia ndani, akanong'ona kidogo, akatoka nao, wengine na mikongojo. Wa kwanza, babu asiye na jino hata moja, akainama.

"Shikamoo, mkubwa!"

Bwana Kitundu akavimba. "Marahaba!"

"Shikamoo, mkubwa!"

"Marahaba!"

Hivyo hivyo hadi wa mwisho.

"Marahaba ngapi, Bwana?" akauliza Bi Sikudhani.

"Kumi na tisa!"

"Na zimetoka vinywa vingapi?"

Kitundu akaitazama fomu, akautazama muhuri wake.

"Mzee ni mmoja tu," akasema Bi Sikudhani, "naye hakai hapa. Lakini ukitaka kuhamia, baba, kitanda kipo. Njoo na elfu hamsini yako."