Fisi na Upawa wa Mahafali

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na sufuria!
Ndani ya sufuria?
Maharage!
Ya nani?
Yetu sote!
Nani kayamaliza?

Mbona mmenyamaza? Haya, sogeeni karibu. Na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako, nakuona. Nitawaambia aliyetaka kuyamaliza.

Zamani wanyama walikuwa na shule yao ya bweni, ukuta wa miiba pande zote na geti moja tu. Getini alikaa Babu Nungunungu, mlinzi. Babu macho yalikuwa yamemchoka, hakuijua sura ya mwanafunzi hata mmoja. Alichokijua ni tranka, yale masanduku ya bati. Siku ya mahafali, anayebeba tranka ndiye aliyemaliza shule. Babu anamfungulia, anampa mkono, anamfungia nje: kwaa! Na aliyetoka na tranka siku hiyo harudi tena, hata agaegae chini. Ukimwuliza Babu kwa nini, anakwambia sheria aliikuta.

Tena walikuwa na desturi yao. Wa kidato cha nne wakiondoka, wanawaaga wadogo zao kwa kuwarithisha vitu. Anayeondoka anasimama, anasema, "Nawaachia kitu fulani." Anayekitaka anaita, "Nimepokea!" Wa kwanza kuita ndiye mrithi, na ukishapokea hurudishi. Vingine vilikuwa vitu vya kweli. Vingine masihara matupu, ili watu wacheke kidogo kabla ya kulia.

Sasa Fisi alikuwa kidato cha tatu. Shingo nene, sauti ya kutikisa mabati. Na siku ile alitaka kitu kimoja tu: upawa. Upawa wa jikoni, ule wa kupakulia maharage. Mwenye upawa ndiye anayempakulia kila mtu, mwaka mzima. Ulikuwa mikononi mwa Kindi wa kidato cha nne, mnyama mdogo mwenye mkia mkubwa, na Kindi alipakua bila upendeleo. Siku moja tu aliumwa, Fisi akaushika upawa yeye. Weee! Fisi alikula maharage, wenzake wakanywa maji yaliyochemshiwa maharage. Pimbi, mtoto wa kidato cha kwanza, alipata punje moja, akaizungusha mdomoni mpaka ikaisha yenyewe.

Basi kila mtu alijua: Fisi akiupata upawa, mwaka mzima ni njaa. Lakini nani angemshinda Fisi kwa kuita? Alipofungua mdomo, sauti za wengine zote zilizama.

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya mahafali. Wakakusanyika.

Akasimama Kobe. "Wadogo zangu, nawaachia kuchelewa kwangu."

"NIMEPOKEA!" Fisi huyo.

Watu wakacheka, kwa kwa kwa! Fisi akatazama huku, akatazama kule. Wanacheka nini? Yeye kapata, wao wamekosa!

"Kaka Kobe, nipe basi."

"Nimeshakupa, mdogo wangu."

"Kiko wapi?"

"Subiri. Kitafika kwa wakati wake."

Fisi akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. Hamna kitu.

Akasimama Twiga. "Nawaachia kazi yangu ya kuchungulia juu ya ukuta, kama mwalimu wa zamu anakuja."

"NIMEPOKEA!" Fisi akanyoosha shingo, akanyoosha tena, akaona miiba. Watu kwa kwa kwa!

Akasimama Ngiri. "Nawaachia usingizi wangu wa kipindi cha hesabu."

"NIMEPOKEA!" Na palepale akapiga mwayo, aaah! Ulikuwa usingizi wa Ngiri au wake mwenyewe? Mimi sijui, na Fisi ndiyo kabisa.

Mtauliza, si angenyamaza tu asubiri upawa wake? Aliogopa, jamani. Alihofia atanyamaza mara moja, na mara hiyohiyo ndiyo itakuwa ya upawa. Kwa hiyo alipokea kila kitu, na kila alichopokea kilimchanganya zaidi.

Mwishowe akasimama Kindi, upawa kauchomeka kiunoni. Fisi akajisogeza mbele.

"Nawaachia godoro langu," akasema Kindi.

"NIMEPOKEA!" Godoro likamtua kichwani, puu!

"Nawaachia ndoo yangu."

"NIMEPOKEA!" Ndoo ikaning'inia shingoni, kolongo kolongo.

"Nawaachia tranka langu."

"NIMEPOKEA!" Tranka likamkaa mgongoni, gwaa!

"Kaka Kindi," Fisi akahema chini ya godoro, "na upawa je?"

"Upawa wa mwisho, mdogo wangu. Una haraka gani? Haya, nawaachia safari yangu ya kwenda getini, na nyimbo za..."

"NIMEPOKEA!"

Fisi akageuza kichwa, godoro likageuka naye, hakuona mtu. Halafu vigelegele vikapasuka, na Pimbi akaanzisha wimbo wa kuaga kwa sauti yake nyembamba:

*Nenda salama kaka, nenda,*
*Sahani yako tutaiosha, nenda,*
*Kitanda chako tutakilalia, nenda.*

Wakaitikia wote, wakamzunguka Fisi, wakamsukuma taratibu kwa upendo mkubwa.

"Tunakwenda wapi?" akauliza Fisi.

"Tunasindikiza!"

"Kwani nani anaondoka?"

Wimbo ulikuwa umepamba moto. Kolongo kolongo, ndoo nayo inaitikia. Na Fisi wimbo ule aliupenda, basi akaimba pia.

Wakafika getini. Babu Nungunungu akaligonga tranka kwa kidole, ngwe ngwe. "Naam, hili la kidato cha nne. Hongera, mjukuu wangu!"

"Shikamoo Babu, lakini mimi..."

"Marahaba, marahaba. Kawasalimie nyumbani."

Kwaa!

Fisi akajikuta barabarani. Akalitua godoro, akatazama geti. Akajitazama miguu. "Nimemaliza lini?" akajiuliza. "Mtihani nilifanya lini?" Kila alivyowaza, mawazo yalimkimbia.

Hapo akaisikia sauti ya Kindi kutoka ndani. "Wadogo zangu, nawaachia upawa."

"NIMEPOKEAAA!" Fisi aliita mpaka ndoo ikalia yenyewe.

"Punguza kelele," akasema Babu kwenye tundu la geti. "Walio nje hawapokei. Wamemaliza."

Na kule ndani kikasikika kisauti: "Nimepokea." Ni Pimbi. Tangu aje shuleni hakuna aliyewahi kumsikia akidai kitu akakipata. Aliushika upawa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na wenzake wakambeba juujuu mpaka jikoni.

"Babu, nifungulie! Nimeelewa! Sasa nimeelewa!"

"Umechelewa."

"Nimechelewa vipi?"

"Si uliupokea kuchelewa kwa Kobe?" Ni Kindi huyo, juu ya ukuta. Geti alishaligawa, atapitia wapi tena? Akaruka nje, tii, akatua kwenye godoro.

"Kaka Kindi, hebu niambie," Fisi akamwuliza kwa unyonge, "mimi nimemaliza au sijamaliza?"

"Tranka unalo?"

"Ninalo."

"Wimbo umeimbiwa?"

"Nimeimbiwa."

"Mimi tranka sina, wimbo sina. Kati yetu, nani kamaliza?"

Fisi akafikiri sana. "Mimi."

"Haya, hongera." Kindi akatokomea vichakani.

Harufu ya maharage ikavuka ukuta, ikamkuta Fisi barabarani. Akalia, akalia kweli. Kisha akakumbuka alivyoimbiwa, akacheka. Kisha akasikia sahani zinagongana, akalia tena. Mnamsikia mpaka leo, anazungukazunguka nje ya maboma, mara analia, mara anacheka. Analitafuta geti.

Ila kwao alifika. Mama yake alipoliona tranka alipiga kigelegele kikafika kijiji cha pili. Akapika wali sufuria nzima, majirani wakajaa. Wakamsimamisha msomi aseme neno. Fisi akawatazama, akautazama wali, akasema, "Nimepokea." Makofi! Wazee wakatikisa vichwa, wakasema shule zinafundisha siku hizi.

Funzo? Funzo ni kwamba msiwe waroho, watoto wangu. Mkiwa waroho mtapewa godoro, ndoo na tranka, mtaimbiwa, mtapikiwa wali, na mtamaliza shule bila mtihani. Ole wenu!

Mimi nami naondoka. Nawaachia hadithi yangu, pamoja na masufuria ya leo, yako pale nje hayajaoshwa.

Nani kapokea?

Mbona mmenyamaza?