Kwa Nini Dada Ndiye Hufungua Uta wa Zeze

Mnaouona uta wa zeze umepinda kama mwezi mchanga, msidhani uliumbwa hivyo. Ulikuwapo wakati ambapo kila uta katika nchi ya Ugogo ulikuwa ufito mnyoofu. Singa za mkia wa ng'ombe zilifungwa kutoka ncha moja hadi ya pili, zikalala juu ya ufito bila nafasi ya kukazika. Mpigaji alipopitisha uta wake juu ya uzi wa zeze, mti uligusa uzi pamoja na singa, na sauti iliyotoka haikuvuka kizingiti. Watu sita waliokaa ndani walisikia. Wa saba, aliyekaa mlangoni, alibahatisha.

Jambo hilo halikumsumbua mtu mpaka siku ya harusi. Desturi ya zamani hizo ilikuwa hivi: upande wa bwana harusi ulikuja na ngoma zake kumchukua bibi harusi, na upande wa bibi harusi sharti ujibu kwa muziki wake, usikike hadi kwenye zizi la ng'ombe. Bibi harusi ambaye watu wake walisikika alipewa kigoda nyumbani kwa mumewe, na neno lake lilipokewa katika mashauri ya nyumba hiyo. Ambaye watu wake hawakusikika aliketi chini, akasikiliza wengine wakiamua.

Basi alikuwapo kijana aitwaye Chibago, na dada yake aitwaye Mchiwa. Baba yao alikuwa amefariki, akawaachia zeze moja. Walilelewa na bibi yao, ambaye, kama ilivyo kati ya bibi na mjukuu wa kiume, alimwita Chibago mume wake na kumtania bila huruma. Mchiwa alipochumbiwa na watu wa ng'ambo ya kilima, zilibaki siku kumi na sita kabla ya kuchukuliwa kwake. Jioni hiyo Chibago alishika zeze akapiga.

"Mume wangu," bibi akasema, "hilo ni zeze, au umefungia mbu kibuyuni?"

Mchiwa alicheka, kisha akakikumbuka kigoda. Alikuwa msichana mwenye maneno mengi na yenye akili, na hakuwa na haja ya kuketi chini maisha yake yote.

Chibago hakulala kabla ya kulifikiri jambo hilo hatua kwa hatua. Aliona kwamba singa zikiachana na ufito, zitakazika na kuuma uzi. Ili ziachane, ufito sharti upinde. Upinde wa mwindaji hupindwa na kamba yake ya ngozi, lakini singa za ng'ombe hazina nguvu za kukunja mti. Kwa hiyo ilibidi mti upinde kwanza na ukubali kubaki hivyo. Alfajiri alikwenda kwenye kijito kilichokauka, penye mti wa mkole. Mbuzi walikuwa wameula mwaka huo wa ukame, na fito zilizofaa zilikuwa tatu tu.

Wa kwanza aliukausha juani kutwa, akaukunja juu ya ndimi za moto. Ukavunjika siku hiyo hiyo. Zikabaki siku kumi na tano.

Wa pili alikuwa ameuweka kivulini, ungali na maji yake. Aliufukia katika majivu ya moto mpaka ukalainika, akaukunja taratibu juu ya goti, akaufunga kwa kamba. Alipima mpindo wake: vidole vinne kamili. Alifurahi sana. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza, maana asubuhi iliyofuata alitaka kujua kama mti umekubali. Akaifungua kamba. Ufito ukajinyoosha, ukabaki na mpindo wa kidole kimoja. Akaupasha moto upya, akaukunja, akaufunga. Kesho yake akafungua tena, akapima: kidole kimoja. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi, na ya sita ufito ulipasuka mikononi mwake.

Mchiwa alimkuta ameketi mbele ya vipande.

"Kaka, ulikuwa umeufunga siku ngapi?"

"Sita."

"Hapana. Umeufunga siku moja, mara sita."

Chibago alikuwa mtu wa hesabu, na aliiona hesabu ile kuwa sahihi. Zilikuwa zimebaki siku tisa na ufito mmoja.

"Nikikaa nao nitaufungua," akakiri. "Najijua."

"Hata mimi nakujua," bibi akadakia. "Ukiinjika ugali unafunua chungu mpaka moto unachoka. Mpe dada yako."

Wakaulainisha ufito wa tatu kwa majivu. Chibago akaukunja, na Mchiwa akaufunga kwa ukanda wa ngozi aliouvua kiunoni mwake, kwa fundo ambalo kaka yake hakulijua. Akauficha ndani ya kihenge cha mtama. Kwa siku tisa Chibago alizunguka kihenge kile akiuliza habari za mtama, na kwa siku tisa dada yake alimjibu kuwa mtama hajambo.

Siku ya kumi wageni walifika na ngoma tatu. Vumbi lilitulia, zamu ya kujibu ikafika. Mchiwa akatoka amebeba ufito uliofungwa ukanda.

"Shemeji," mzee mmoja wa wageni akamwambia Chibago kwa kejeli, "mmemfunga nani? Au muziki wenu hutoroka?"

Mchiwa aliufungua mwenyewe, mbele ya watu wote. Ukanda ukaanguka, mti haukujongea. Chibago, hata saa hiyo, hakujizuia kupima: vidole vinne. Akatia singa, akazipaka utomvu, akapiga. Sauti ilivuka uwanja, na kule zizini ng'ombe waliinua vichwa, majani yakiwa bado midomoni. Yule mzee mwenye kejeli ndiye aliyeagiza kigoda.

Na tangu siku hiyo, fundi wa zeze akishaukunja uta wake humkabidhi dada yake aufunge, na haugusi mpaka siku tisa zitimie na dada aufungue. Asiye na dada huazima wa jirani. Tazameni tumboni mwa uta wowote mtaiona alama nyembamba ya ukanda, nayo haisuguliwi ikatoka. Na mkimuuliza fundi, hata mwenye mvi, kwa nini asiufungue mwenyewe, atacheka kidogo na kuwajibu neno moja: "Ningechungulia."