Jiwe la Kwanza la Mama Qabale

Hapo zamani, wala msiniulize zamani ipi, kwa maana siku yenyewe naijua: ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, mwaka 1986, saa tatu na robo asubuhi. Taarifa ya habari ya saa tatu ilikuwa imekwisha kwenye redio ya mwenye duka, na kivuli cha nguzo ya ua kilikuwa kimefika kizingitini. Saa hiyo ndipo Mama Qabale alipokata roho, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, picha ya maua ikiwa kifuani pake.

Mama huyu alizaa mtoto mmoja tu, Bokayo. Bokayo akaolewa, akapata mimba, akahama na watu wa mumewe kufuata maji. Njiani uchungu ukamshika. Aliyeongoza ngamia siku hiyo alikuwa shemeji yake, Sori. Wanawake wakamwambia, "Sori, simamisha msafara." Sori akajibu, "Tukisimama hapa, tutakufa sote pamoja na ngamia." Hawakusimama. Jioni wakamzika Bokayo na mtoto wake, wakapanga mawe juu, na alfajiri wakaondoka. Mama hakuwapo. Kaburi lile hakuliona hata siku moja.

Miaka minne ikapita bila mvua. Mvua iliponyesha, Mama Qabale alikuwa hawezi tena kuinuka, na macho yake yalikuwa na ukungu. Alikiona tu kitu kilichosogezwa karibu na pua. Akasikia watu wakisema kwamba jangwa limechanua. Akatamka mbele yetu sote: "Atakayenionyesha maua yaliyoota kwa Bokayo, huyo ndiye mtoto wangu. Yeye ndiye atakayeweka jiwe la kwanza juu yangu."

Sori, aliyekuwa kati yetu, akainuka, akaenda dukani kwa Tumal, kijana aliyepiga watu picha za vitambulisho.

"Maua hayaombi kitambulisho, mzee," Tumal akamtania.

"Funga duka, twende."

"Filamu imebaki nafasi moja tu. Thelathini na tano nyingine ni nyuso za watu."

"Moja inatosha."

Walikwenda kwa miguu siku mbili. Walifika adhuhuri, wakayakuta maua yamelala chini kwa joto. Tumal akasema, "Tumechelewa." Sori akafungua kibuyu chake, akayamwagia maua maji yote, tone hata moja asijibakizie. Asubuhi maua yalikuwa yamesimama.

Sasa, Tumal alikuwa na mazoea yake: tangu aanze kazi hakuwahi kupiga picha bila kutundika shuka jeupe nyuma. Tena upepo ulikuwa ukivuma. Basi akalitundika shuka kwa fimbo mbili, Sori akazishika, naye Tumal akalala kifudifudi juu ya ardhi ya chumvi mpaka viwiko vikachubuka. Akabonyeza. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba mawe ya Bokayo yalikuwa nyuma ya shuka.

Walirudi Jumanne, ulimi wa Sori umevimba kwa kiu hata kuongea akawa hawezi vizuri. Tumal akaisafisha filamu, na Jumatano asubuhi picha ikafika. Aliyekuwa amemwinua mgonjwa kichwa ni Wato, jirani aliyemletea maziwa kila siku, mwanamke ambaye hakuwahi kwenda jangwani kupita kisima.

Mama akaisogeza picha puani. "Mbona maua yana rangi ya majivu?"

"Filamu ya vitambulisho haina rangi, mama," Tumal akasema.

"Na mawe yake yako wapi?"

Tumal akainama. Sori akafumbua kinywa, akakifumba.

"Mawe yapo, mama," Wato akasema. "Yako saba. Maua ya manjano yamepenya katikati yake, na moja la zambarau limeota peke yake upande wa kichwani."

"Kichwani?"

"Kichwani kabisa, mama. Kama mtu aliyejifunga kitambaa."

Mama akasema, "Bokayo alipenda zambarau." Akailaza picha kifuani. Hakusema tena.

Kaburi likachimbwa kabla jua halijafika utosini. Tukamlaza. Nao watatu wakasimama ukingoni, kila mmoja na jiwe mkononi.

Sori akasema: "Bila mimi, nani angepajua? Maji yangu ndiyo yaliyoyasimamisha maua hayo. Nimelibeba deni la siku ile miaka minne. Niacheni nilitue hapa."

Wato akamgeukia. "Deni lako lipeleke kwa Bokayo, Sori. Siku ile ulikataa kusimama. Na leo mama alipouliza, ulikuwa wapi?"

"Ningesema nini? Mawe ni tisa, niliyapanga mimi. Na kichwani hapakuwa na ua lolote. Hapakuwa na kitu!"

Tumal akasema: "Nyote mmesema maneno tu. Mama aliomba kuonyeshwa. Alichokufa nacho kifuani ni kitu cha mkono wangu."

"Wewe uliyemfunika mtoto wake kwa shuka!" Wato akamwambia. "Ulimletea majivu. Zambarau aliipata kwangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

"Ulimdanganya mtu anayekufa," Sori akasema.

Wato akalia. "Nilimdanganya, ndiyo. Nanyi wenye ukweli mlinyamaza."

Jua likapanda. Mawe yakaanza kuwalemea mikononi.

Nimesikia wakisimulia sokoni kwamba mama alikufa akitabasamu. Si kweli, alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa cha namna gani sijui. Wanasema alikufa Jumanne. Ni Jumatano. Wanasema Sori alitangulia kusema kwa sababu ya umri. Hakuna aliyetaja umri. Wanasema pia kwamba wote watatu waliweka mawe yao kwa pamoja, wakapatana. Wanasema hivyo ili walale vizuri. Mimi nilikuwa nimeshika jembe, hatua nne kutoka pale: jiwe la kwanza liliwekwa na mkono mmoja, na wawili wakaondoka na mawe yao.

Ni mkono wa nani, sitawaambia mpaka nanyi mlishike jiwe hilo. Kaburi liko wazi, jua limepanda, na Mama Qabale anamngoja mtoto wake. Je, nani alistahili?