Nguchiro Aliyeupoteza Mkia wa Mamba

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na atakayesinzia asije akanidai mwisho wa hadithi.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, kiangazi kilishika nchi. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo alikaa Mamba.

Mamba akasema, "Anayetaka maji anionyeshe ajabu. Ajabu ikinichosha, namla aliyeileta."

Nani alijua maajabu? Nguchiro peke yake, bingwa wa kiinimacho. Alichukua yai, akalitia kinywani, gubu, yai halipo. Akajipiga kisogo, paa, yai likatokea sikioni. Yai lenyewe la shoga yake Kanga, yeye aliliazima tu.

Mara ya kwanza Mamba alishangaa, wanyama wakanywa. Mara ya pili akapiga miayo. Alipoletewa tena akasema, "Yai lilelile? Leo nakuachia. Kesho nataka jipya. Ukikosa, nitakufanya chakula, na Kanga wako atakuwa kitoweo."

Nguchiro akarudi nyumbani. Akawaza. Akawaza mpaka kichwa kikamuuma.

"Shoga," akamwambia Kanga, "kila nikiwaza, nawaza yai. Kichwa kimekwama. Nitajie neno lolote, ila usifikiri."

"Lini uliniona nafikiri?" akasema Kanga. "Tope."

"Jingine."

"Mkia."

"Jingine."

Kanga alikuwa akichakura, vumbi likamwingia puani. Akapiga chafya, chyaa. "Basi, chafya," akasema.

Nguchiro akayageuzageuza maneno yale. Chafya ya tope? Upuuzi. Mkia wenye chafya? Upuuzi zaidi. Tope mkiani... Kisha akaanza kucheka, hi hi hi, akagaagaa chini.

"Unacheka nini, na kesho tunaliwa?"

"Nacheka mkia, shoga."

Asubuhi wanyama walikusanyika bwawani. Koo zimewakauka kwa kiu.

Nguchiro akasema, "Bwana Mamba, leo naupoteza mkia wako. Panda ukingoni, ulale juani, utulie."

Mamba akacheka. Akapanda, akalala. Nguchiro na Kanga wakachota tope, wakampaka mkiani. Wakachota, wakampaka. Tope lilikuwa na ubaridi mtamu, Mamba akasinzia. Jua likawaka. Tope likakauka, kakaka, likawa gumu kama chungu, likaugandisha mkia ardhini. Mkia ukafa ganzi.

Nguchiro akapiga chafya, chyaa.

Mamba akazinduka. Akataka kuuchezesha mkia, wapi. Akataka kugeuka autazame, wapi. Mamba hana shingo ya kugeuza, nanyi mnajua.

"Kanga," akasema kwa sauti ndogo, "wauona mkia wangu?"

"Haki ya Mungu, mzee, mimi naona tope tu."

Wala hakusema uongo.

Mamba akaanza kujivuta.

"Usijivute," akasema Nguchiro, "maana na miguu itaufuata."

Mamba akatulia tuli. Machozi yakamtoka. "Nirudishie mkia wangu. Sitazuia maji tena, wala sitamla anayekuja kunywa."

"Apa."

Akaapa mbele ya wote.

Wanyama wakanywa kwanza, gudu gudu gudu, mpaka matumbo yakawa ngoma. Kisha wakalimwagia maji lile tope. Nguchiro akapiga chafya. Tope likalainika, damu ikatembea, mkia ukacheza.

Mamba alikishika kiapo chake, si kwa wema, bali kwa hofu. Tangu hapo, kila akiingia majini huupiga mkia juu ya maji, pwaa. Wanaomsikia hudhani ni ukali. Anahakikisha tu kwamba upo.

Basi, wenzangu, akili ikizunguka mahali pamoja, iazimie neno la kuokota. Hata neno la kipuuzi hufungua njia, mradi wewe mwenyewe uligeuzegeuze.

Hadithi yangu imetua hapo. Mwenye kiu akanywe maji.