Kigari cha Viti Viwili

Sogeeni, nina kesi iliyonishinda kuikata. Mwenye jibu la haraka namwomba alimeze kwanza.

Ndekirwa, kifungua mimba, alikuwa fundi wa kuchomelea. Bati lililooza likipita mikononi mwake hurudi kuwa bati. Elinami, kitinda mimba, alishona makochi na maturubai, na mshono wake haukupitisha maji. Katikati yao alikuwa dada yao Aikande, aliyeisikiliza injini kidogo tu akakwambia inaumwa nini. Hasira zake zilikuwa karibu, sikatai, lakini siku ninayoisimulia zilikuwa na haki.

Baba yao aliwaachia kigari cha zamani cha Kijapani kisicho na paa, chenye viti viwili na taa za mviringo, kifupi hata ukiketi ndani unasalimiana na mbuzi uso kwa uso. Hakikufaa kubeba hata mkungu wa ndizi, na kila aliyekiona alikitaka. Ndani yake ndimo alimomposea mama yao, upepo ukiwapiga, harufu ya maua ya kahawa ikiwafuata njia nzima. Baba alipofariki, kuku wakataga humo.

Baba mkubwa wao, msimamizi wa mirathi, akatamka: Krismasi, Wachaga wanapopanda nyumbani, kigari nacho kimpandishe mjane kutoka Moshi mjini hadi bomani kwao mlimani, Kibosho. Kikishindwa, kiende chuma chakavu. Kikiweza, mtoto mmoja atakirithi.

Aikande akaifumua injini yote, akairudisha hadi ikanguruma. Bila yeye kisingetoka bandani.

Ndekirwa akakuta sakafu imeliwa na kutu, ukikanyaga breki mguu unagusa ardhi. Akaikata, akachomelea nyingine. Bila yeye kingekatikia kwenye kilima cha kwanza.

Elinami akashona paa la turubai. Walimcheka, lakini mama yao ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali kwa nimonia, na mvua iliwapiga mlima mzima. Mama akafika mkavu. Bila Elinami angerudishwa wodini.

Aikande ndiye aliyeendesha. Walipoingia migombani mama alikuwa anacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Baba mkubwa, aliyewangoja pale pamoja na wale kaka wawili, akachukua ufunguo, akampa Elinami. Kwa mila kitinda mimba ndiye mrithi wa boma, alisema, na gari sasa liko bomani.

Damu ikamchemka Aikande. Mila hiyohiyo ilishawapa kaka zake vihamba, mashamba ya ukoo, yeye hata mgomba mmoja hakupewa. Akampokonya Elinami ufunguo.

"Mila ilikuwa wapi nilipolala chini ya gari, oili inanichuruzikia machoni?"

Ndekirwa naye akawaka, akasema bila sakafu yake dada mtu angekanyaga klachi hewani. Elinami akajibu kwamba hakuomba kupewa, ila harudishi, kwani mama yu mzima kwa turubai lake. Wakatukanana mbele ya wageni wa Krismasi, nyama ikapoa.

Mama hakushuka garini.

"Ufunguo wekeni mnapotaka," alisema. "Kiti hiki ni changu. Niambieni nani anakaa hicho kingine, au kibaki kitupu kama kilivyobaki baba yenu alipokufa."

Aikande aliubana ufunguo kiganjani mpaka ukamuuma. Alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote, na alijua akikikalia leo, kaka zake hawatamwita dada tena.

Haya, mama anangoja. Wewe ungemkalisha nani? Sema, lakini uwatazame usoni wale wawili watakaobaki nje.